Sifuri za Mwaka wa Tisini na Tano

Baba yangu hakupofushwa na jua. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulisikia. Kijijini kwetu, kule juu ya Tengeru, ukimtaja Mwalimu Elinipa hukosi mtu wa kukuambia, "Ah, yule aliyekuwa anatazama jua mpaka likamla macho." Uongo mtupu. Baba alipofushwa na presha ya macho, ugonjwa uleule uliompofusha bibi yetu mzaa baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutazama kitu kilicho juu zaidi ya mkungu wa ndizi. Na jua lenyewe Baba hakulitazama hata siku moja. Alilitazama kwenye karatasi.

Alikuwa mwalimu wa fizikia. Mwaka 1976 mwalimu mwenzake, Mzungu, alirudi kwao akamwachia darubini ya macho mawili ambayo jicho moja lilikuwa limepasuka. Baba alilitoboa tundu dirisha la mbao la stoo ya zamani ya kahawa, lile linalotazama mashariki, akalifunga hapo jicho zima kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukifunga mlango, stoo inakuwa giza, na mwanga wa asubuhi unapita kwenye darubini kwenda kutua juu ya karatasi nyeupe iliyobanwa kwenye ubao. Hapo unaliona jua, duara kama kisosi, limetulia, huliogopi. Na siku ambazo lina madoa unayaona madoa yake, vitone vyeusi viwili vitatu, pengine vimekaa kundi.

Watu wakiuliza madoa ni nini, alikuwa anachukua parachichi. Alituharibia maparachichi mengi sana yule mzee. Analikata katikati, anakuonyesha: hapa kwenye kokwa ndipo moto unapozaliwa. Halafu nyama yote hii ya kijani ni njia, na mwanga unajikokota humo miaka maelfu na maelfu kabla haujafika kwenye ganda. Karibu na ganda, jua linachemka kama uji mzito, moto unapanda, uliopoa unashuka. Sasa kuna mahali nguvu ya sumaku inakaza, inazuia ule moto usipande. Mahali hapo panapoa kidogo, ndiyo maana panaonekana peusi. "Si kwamba ni peusi," alikuwa anasema huku kisu kikiwa bado mkononi. "Ukilitoa doa moja ukaliweka peke yake angani, litawaka kuliko mwezi mpevu. Linaonekana jeusi kwa sababu ya majirani zake." Akimaliza anakupa nusu ya parachichi ule.

Kila asubuhi alihesabu. Kundi moja la madoa ni kumi, na kila doa ndani yake ni moja. Ukiona makundi mawili yenye madoa matano kwa jumla, unaandika ishirini na tano. Ukiona jua safi, hakuna doa, unaandika sifuri. Na kama kuna mawingu au umeshindwa kutazama, unaweka kistari. Kwenye jambo hilo la mwisho hakuwa na mzaha. "Sifuri ni kitu ulichokiona," alituambia mimi na mdogo wangu Prosper tangu tukiwa wadogo. "Kistari ni kitu ambacho hukukiona. Usije ukavichanganya." Mwisho wa mwezi alituma hesabu zake kwenye ofisi moja huko Ulaya iliyokuwa inakusanya za watu wa dunia nzima. Walimpa namba yake ya utazamaji. Namba ile aliijua kuliko namba ya kiinua mgongo chake.

Kutokana na hesabu hizo alichora grafu, na grafu hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Mwaka 1976 mstari uko chini kabisa. Unapanda mpaka 1979, unakuwa kilima, unateremka taratibu hadi 1986, halafu unaanza kupanda tena. Kama miaka kumi na moja hivi kila mzunguko. Alichokitaka Baba hakikuwa kikubwa. Alitaka kuuona mzunguko wa pili ukiisha, na zaidi ya yote alitaka kuliona doa la kwanza la mzunguko mpya. Madoa ya mwisho wa mzunguko hukaa karibu na ikweta ya jua, lakini la kwanza la mzunguko mpya hutokea mbali, nusu ya njia kuelekea nchani, dogo, peke yake. Mwaka 1986 lilimpita. Mama alifariki mwaka huo, na stoo ilikaa imefungwa wiki tano. Alipoifungua, mzunguko mpya ulikuwa umeshaanza bila yeye. Hakulalamika, ila kila mara alipoitaja 1986 alikuwa anataja vyote viwili, Mama na doa, na mimi nilikuwa nakasirika. Nilikuwa sijaelewa.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa 1993. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanya kazi kilikuwa kimetupunguza, mia mbili na kitu kwa siku moja, kwa kuwa serikali ilikuwa inajitoa kwenye viwanda. Mwanamume niliyekuwa naishi naye Sokon I naye alinipunguza mwezi uleule. Nikapanda kwa Baba na masanduku mawili na hasira ya kutosha kijiji kizima. Nikamkuta anagusa ukuta kwa kiganja akitoka stoo kwenda jikoni.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, Tabea. Umekuja wakati mzuri," akasema. "Nina siku kumi na sita sijaona kitu kwenye karatasi. Nimeweka vistari kumi na sita. Mwanangu, utanikopesha macho?"

Baba hakuwa mtu wa kuomba. Niliitikia kabla sijafikiri, na kesho yake asubuhi nikawa mtazamaji wa jua, mimi ambaye jana yake nilikuwa mtu wa mashine ya kusokota nyuzi. Ofisi ya Ulaya hatukuiambia. Barua niliandika mimi, na jina lilibaki lake.

Prosper alikuwa fundi seremala huko mjini, Sombetini. Alimtengenezea Baba ubao mrefu wa mkangazi, akauchora mistari kwa patasi. Kila mwezi mmoja ni msumari mmoja mdogo, unaupigilia juu au chini kulingana na wastani, halafu uzi wa katani unapita kutoka msumari hadi msumari. Tuliianza upya grafu nzima tangu 1976. Jioni Baba aliuweka ubao magotini na kupitisha kidole chake kwenye uzi, akipanda kilima cha kwanza, akishuka, akipanda cha pili, mpaka kidole kinafika mwisho wa misumari kinabaki hewani. "Bado kunashuka," anasema. Halafu ananiuliza ya leo. Makundi mangapi? Lile la jana limesogea? Lina mkia? Maswali hayakuisha. Nilikuwa namwambia, "Baba, ugali unapoa," naye anasema upoe.

Mwaka mzima wa 1994 nilihesabu kwa haki. Naomba hilo niandikiwe.

Halafu nikaanza biashara. Nchi ilikuwa imefunguliwa milango, na kilichoingia mbio kuliko vyote ni nguo za mitumba, zile watu walizokuwa wanaziita kafa ulaya. Nilichukua belo kwa mfanyabiashara mmoja mjini, Mchaga, na kuuza magulioni. Jumatano na Jumamosi Tengeru, siku moja nyingine Kikatiti. Mwenye kuuza nguo lazima awahi sehemu nzuri, atandike turubai kabla watu hawajajaa, kwa hiyo nilitoka nyumbani alfajiri, jua halijafika dirishani. Mchana nikirudi jua limeshahamia upande wa pili wa nyumba, na Mlima Meru nao umeshajivika mawingu yake. Darubini yetu ilikuwa ya asubuhi tu.

Uongo wa kwanza naukumbuka. Ilikuwa Jumatano ya Februari 1995. Nimerudi na vumbi la gulio la Tengeru, miguu inauma, sauti imekauka kwa kunadi sketi. Baba amekaa barazani, amesikia hatua zangu.

"Leo vipi?"

Ningesema kistari, ingekuwa imekwisha. Lakini kistari kingehitaji maelezo, na maelezo yalikuwa kwamba nimeliacha jua lake nikaenda kuuza suruali. Sikutaka kuyasema. Jana yake jua lilikuwa safi kabisa, nililiona kwa macho yangu. Nikajiambia leo itakuwa hivyohivyo.

"Sifuri," nikasema.

"Sifuri tena!" Uso wake ulifunguka. "Linalala, Tabea. Jua linalala mapema."

Ndivyo ilivyoanza. Jumamosi nikasema sifuri. Jumatano nikasema sifuri. Ikaja Juni na ukungu wake, ule wa kwetu unaokaa juu ya migomba wiki nzima usione hata mti wa jirani, na hapo hata siku za kuwepo nyumbani niliona uvivu kwenda kukaa gizani kusubiri jua lichungulie. Sifuri. Niseme kweli, nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira kwamba hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Baba alikuwa na jua lake, Prosper alikuwa na useremala wake, mimi nilikuwa na turubai.

Mwezi wa saba Baba alianguka njiani kutoka kanisani. Tukampeleka hospitali, daktari akatuita pembeni mimi na Prosper. Moyo umetanuka, akasema. Asipande mlima, asibebe kitu. Mwaka mmoja, akijaliwa miwili.

Kuanzia siku hiyo uongo wangu ulibadilika sura, na hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Niliona kwamba kila sifuri ilikuwa inamtia nguvu. Kama jua linafika chini mapema, basi doa la mzunguko mpya litatokea mapema, na yeye atakuwepo. Alikuwa anapiga hesabu kwa vidole: "Miaka tisa! Badala ya kumi na moja, tisa!" Anakula vizuri, anacheka. Basi nikaacha kujisuta. Nikawa natoa sifuri kama mtu anayempa mgonjwa dawa, na zile siku chache nilizotazama kweli nikaona vidoa viwili vitatu, niliviandika kwa aibu kama vile jua ndilo lililokosea.

Oktoba alinikalisha na kalamu. Alitaka kuwaandikia wale wa Ulaya barua maalumu. Alinitamkia neno kwa neno, kwa Kiingereza chake cha darasani, amenyoosha mgongo: kwamba kwa utazamaji wa miaka kumi na tisa kutoka miteremko ya Mlima Meru, ana hakika jua limefika chini ya mzunguko wake kabla ya wakati, na anawaomba wenzake watazame kwa makini sehemu za mbali na ikweta. Niliandika yote. Nikaipeleka posta mwenyewe. Ningeweza kuichana njiani, sikuichana.

Jibu lilikuja Machi 1996. Sanduku la posta lilikuwa la Prosper mjini, kwa hiyo alilileta yeye Jumapili baada ya ibada. Baba alisikia karatasi ikifunguliwa akakaa sawa kwenye kiti. "Asome Tabea," akasema. "Amezoea Kiingereza chao."

Nikasoma. "Mpendwa Bwana Elinipa, tunakushukuru kwa uaminifu wako wa miaka kumi na tisa..." Baba akaitikia kwa kichwa taratibu. Macho yangu yalikuwa yameshatangulia mistari miwili. Barua ilikuwa ya adabu mno. Walikuwa wamelinganisha hesabu zake za 1995 na za wenzake arobaini. Katika siku mia moja na arobaini alizoandika sifuri, siku tisini wenzake wote waliona angalau kundi moja. Wanasikitika hawataweza kuzitumia. Wanaomba kujua kama darubini imeharibika, au kama afya ya macho yake imebadilika.

"...na tunakutakia afya njema," nikasoma, nikakunja karatasi.

"Hiyo tu?" Baba akauliza. "Hawajasema lolote juu ya barua yangu?"

"Wamekushukuru, Baba."

Prosper alikuwa amesimama nyuma yangu. Mdogo wangu si mtu wa maneno mengi.

"Dada," akasema, "umeruka."

Kuku walikuwa wanaparura chini ya migomba. Baba alinyoosha mkono, si kwangu, kwa Prosper. "Soma wewe," akamwambia. Prosper akasoma yote, kwa shida, akijikwaa kwenye maneno magumu, na kila alipojikwaa Baba alimsaidia kulitamka kama vile wako darasani. Walipomaliza, Baba akageuza uso upande niliokuwa.

"Sifuri zipi ni za kweli?"

"Siku za gulio sikuwepo, Baba. Nilikuwa nasema tu."

"Jumatano na Jumamosi. Na siku ya Kikatiti."

"Na siku za ukungu."

"Zipi? Ukungu wa tarehe ngapi?"

"Sikumbuki."

"Kwa hiyo zipo za kweli katikati ya za uongo, na hujui ni zipi." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Basi hakuna hata moja."

Nililia, nikamwambia nilitaka afurahi. Nikamwambia na habari ya daktari, ambayo tulikuwa tumemficha, kwamba nilitaka aone jua linafika chini kabla hajaondoka. Akasikiliza. Alipojua kwamba anakufa hakushtuka hata kidogo; nadhani moyo wake ulikuwa umeshamwambia. Akamwambia Prosper alete ubao na koleo ya kung'olea misumari.

Prosper aling'oa misumari kumi na miwili ya mwaka wa tisini na tano, na uzi ukalegea. Baba alishika kila msumari uliotoka na kuuweka kwenye kopo. Halafu akapitisha kidole: kilima cha kwanza, kilima cha pili, mteremko, na pale Desemba 1994 kidole kikaishiwa njia. Akakirudisha, akajaribu tena, kana kwamba huenda amekosea.

"Chukua kalamu," akaniambia. "Waandikie wafute mwaka wote. Waambie macho yangu yameharibika. Hiyo ni kweli, na inatosha."

Hakunitaja kwenye barua ile. Makosa ya mwaka mzima aliyabeba yeye, mtu aliyekuwa anamrudishia mwanafunzi mtihani mzima kwa sababu ya sifuri moja iliyokaa mahali pasipo pake. Nilimwomba aniache niandike kwamba ni mimi. Akasema, "Mtazamaji ni mimi. Jina ni langu." Nikaandika.

Tangu siku hiyo nilihesabu kila asubuhi. Magulioni nilimtuma Loserian, kijana wa jirani yetu aliyekuwa anajifunza biashara, mimi nikaenda mchana. Siku za ukungu nilikaa stoo saa tatu nzima na shuka begani. Kistari kikistahili, niliweka kistari. Ile ofisi ya Ulaya, kwa huruma yao, walijibu kwamba tuendelee kutuma, watakuwa wanatupima pembeni. Jioni nilimsomea Baba hesabu ya siku, naye alijibu, "Sawa." Hakuuliza kundi limesogea wapi. Hakuuliza kama lina mkia. "Sawa, Tabea. Asante." Nilikuwa natamani aniambie ugali upoe.

Mwili ulimwisha taratibu. Kufika mvua za vuli alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa, miguu imevimba. Jua nalo, safari hii kweli, lilikuwa limelala. Wiki zilipita hakuna kitu kwenye karatasi, na mimi nilitoa sifuri zangu halali nikijua zinaingia kwake bila uzito wowote.

Asubuhi moja ya Desemba, mvua zimekatika, anga imeoshwa, nilifunga mlango wa stoo na kusogeza karatasi. Nikaliona. Kitone kimoja, kidogo kuliko punje ya ulezi, mbali kabisa na ikweta, nusu ya njia kuelekea nchani. Sikuamini. Nilizungusha darubini kwenye mpira wake, kwa sababu uchafu wa kioo huzunguka pamoja na darubini, na doa la jua halizunguki. Kitone hakikuzunguka. Nilibadilisha karatasi. Kilikuwepo. Sikumwambia mtu siku ile. Nilijiambia, ngoja kesho, uwe na hakika. Kesho yake kilikuwa kimesogea kidogo kuelekea magharibi, kama inavyotakiwa, na pembeni yake kimezaliwa kingine. Nikampigia Prosper simu kutoka duka la Tengeru, nikasema njoo leo. Alikuja asubuhi iliyofuata, nikamwingiza stoo, naye akaona kwa macho yake. Alishika mdomo kwa mikono miwili.

Tulimbeba Baba kwenye kiti, Prosper upande huu mimi upande huu, tukampeleka stoo. Alikuwa na siku nne za kuishi, ingawa hilo hatukulijua.

"Baba," nikasema, "limetoka. Doa la mzunguko mpya. Siku ya tatu leo. Kundi moja, madoa mawili."

Baba aligeuza uso upande aliosimama Prosper.

"Ni kweli, Baba," Prosper akasema. "Nimeliona na mimi. Nimeliona sasa hivi."

Baba alitabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa la upole, na ndilo lililoniogopesha. "Naye umemwita kutoka Sombetini," akasema.

Nikachukua penseli, nikakandamiza ncha yake kwenye karatasi pale penye doa mpaka ikafanya shimo, nikamkandamizia na ukingo wa duara lote, na mstari wa ikweta. Nikachukua kidole chake nikakiweka. Alianza kwenye ikweta, kama nilivyojua ataanza hapo. Akapanda polepole, akipima kwa kidole cha pili, mwalimu mzima, midomo ikisogea kwa hesabu, mpaka akaingia kwenye lile shimo dogo. Akakaa hapo. Mwanga wa jua ulikuwa umetua mgongoni mwa mkono wake, na hakuuona.

"Hapa?"

"Hapo hapo, Baba."

Akapima tena kutoka ikweta, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umechagua mahali pazuri," akasema. "Ndipo hasa lingetokea. Asanteni, wanangu. Mmenihurumia."

"Baba, sikupachagua mimi," nikamwambia. "Lipo. Naapa lipo. Liko mkononi mwako."

Alinipapasa kiganja, taratibu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo nikiamka na ndoto mbaya, akasema amechoka, tumrudishe kitandani.